Bunduki Iliyosingiziwa

Nilipohamishiwa ofisi ya wanyamapori kule Musoma, nilikabidhiwa meza yenye mguu mmoja mfupi, faili nene la malalamiko ya viboko, na ufunguo wa kabati la silaha. Kabatini mlikuwa na bunduki tatu. Mbili zilikuwa na wenyewe. Ya tatu, ile nzito ya kupigia wanyama wakubwa, ilisimama konani peke yake kama mgeni asiyekaribishwa kiti. Mwenzangu aliyekuwa ananikabidhi hakugeuka hata kuitazama.

"Hiyo achana nayo," alisema. "Inapandaga."

Alimaanisha kwamba risasi yake haiendi unapolenga, inakwenda juu. Nikamuuliza nani aliyeipima akaona hivyo. Akacheka, akasema kila mtu anajua. Mimi nimezaliwa Butiama kwa baba mkulima, na nyumbani kwetu mchagua jembe si mkulima. Tena nina hasira za karibu. Mama yangu husema nilizaliwa nimekunja ngumi. Nikamwambia kwamba kila mtu si kipimo. Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemwonea huruma mgeni ambaye bado hajaumwa na mbu wa mahali.

Habari ya bunduki ile niliipata kidogokidogo, chai baada ya chai. Miaka ya nyuma, askari mmoja wa ofisi ile, mpigaji mwenye sifa kubwa, alitumwa Kiriba kumpiga kiboko aliyekuwa anamaliza mashamba ya viazi. Alimlenga kichwani. Risasi ikaenda juu, ikampata penye nyama na mfupa mnene, ikamjeruhi tu. Kiboko akazama, akapotea. Asubuhi iliyofuata akamuua mvuvi mmoja aliyekwenda kutazama nyavu zake. Yule askari aliandika barua ya kuacha kazi wiki hiyohiyo. Bunduki ikarudi kabatini na sifa mbaya, na tangu hapo ilitolewa kupigwa hewani tu, kufukuza tembo.

Sasa ilitokea kwamba kule Murangi dume moja la kiboko, lililofukuzwa na wenzake, lilikaa karibu na mahali akina mama wanapochotea maji. Likapindua mtumbwi. Halafu likamng'ata mama mmoja paja, naye akaokolewa na Mungu na majirani wenye makasia. Kibali cha kulipiga kikatoka, na jina langu ndilo lililoandikwa. Zile bunduki mbili nyingine zilikuwa ndogo mno kwa kazi hiyo. Iliyobaki ilikuwa ile inayopanda.

Sikuogopa kiboko. Niliogopa asubuhi inayofuata. Nikimjeruhi akazama, kuna mtu atakayeamka na ndoo au na nyavu, ashuke ziwani, asirudi. Jambo hilo lilinikosesha hamu ya kula. Kwa hiyo nikauliza yule mpigaji wa zamani anakaa wapi, nikaambiwa Kiabakari, anatengeneza baiskeli.

Nilimkuta kando ya barabara chini ya kibanda cha mabati, ameinamia gurudumu lililogeuzwa juu, analizungusha na kulitazama kwa jicho moja. Alikuwa mzee mwembamba mwenye vidole virefu vyeusi kwa grisi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Tairi au cheni?"

"Bunduki."

Gurudumu liliendelea kuzunguka. "Hiyo sitengenezagi," alisema.

"Nimetumwa Murangi na ile inayopanda."

Akalisimamisha gurudumu kwa kiganja. "Wanataka ufe?"

"Kufa mimi si neno, mzee. Nikikosea, kesho yake atakufa mtu mwingine. We unajua."

Nilijuta hapohapo. Mdomo wangu una tabia hiyo, unatangulia halafu mimi nabaki nyuma nikiokota. Mzee alijifuta vidole kwa kitambaa, kimoja kimoja. Nilidhani atanifukuza, na ningestahili.

"Kile kichwa cha kiboko mnachozuilia mlango pale ofisini," alisema mwishowe, "bado kipo?"

"Kipo."

"Kesho uje nacho. Na yenyewe uje nayo."

Siku tatu hakunipa risasi hata moja. Siku ya kwanza alifungua bunduki yote juu ya gunia, akakagua kila skrubu, akatazama ndani ya mtutu akiuelekeza kwenye mwanga, akairudisha akinung'unika kwamba ni nzima. Baada ya hapo nililala kifudifudi na bunduki tupu, na juu ya mtutu karibu na ncha aliweka punje moja ya mahindi. Nivute triga punje isianguke. Ilianguka. Ilianguka asubuhi nzima, na kuku wake, ambao nadhani walikuwa wameshazoea masomo ya namna hiyo, wakanizunguka wakisubiri. Nikamwambia mzee kwamba ananichezea. Akasema, "Hasira yako iko kwenye kidole. Itoe hapo, iweke pengine." Siku ya tatu jioni nilivuta triga mara kumi mfululizo na punje ikakaa. Kuku walikwenda zao.

Fuvu la kiboko aliliweka juu ya gogo. Aliingiza bonge la udongo mahali pa ubongo, na hapo ndipo nilipopata mshangao wa kwanza. Kichwa kile kikubwa, ambacho watu wawili hukibeba kwa tabu, ubongo wake hauzidi machungwa mawili. Umejificha nyuma, kati ya jicho na sikio, umezungukwa na mfupa kila upande. Mzee aligeuza fuvu kidogo, akanipa spoku ya baiskeli, akasema, "Sasa?" Nionyeshe kwa spoku risasi iingie wapi ili ifike kwenye udongo. Akigeuza tena: "Sasa?" Kulikuwa na namna ambazo jibu ni "bado", kwa sababu kutoka upande huo hakuna njia ya hakika. Nilijifunza kwamba "bado" lilikuwa jibu analolipenda kuliko yote. Nikisema "bado" kwa usahihi, aliitikia kwa kichwa taratibu, na mimi nilifurahi kuliko nilivyofurahia cheti chochote cha chuo.

Siku ya nne tulikwenda kupima bunduki. Nilikuwa nimetoa taarifa polisi na kwa mwenyekiti wa kijiji, na mbuzi walikuwa wameondolewa. Tulichagua shimo moja la zamani la dhahabu, lenye kilima cha udongo nyuma yake cha kupokea risasi. Mzee alibandika karatasi ya kalenda, upande mweupe mbele, na katikati akachora doa kwa mkaa. Tukahesabu hatua sitini. Alikuwa amekuja na gunia la mbegu za pamba, ambazo shemeji yake wa Bunda humletea kwa ajili ya ng'ombe. Akalilaza chini, akalipiga ngumi katikati likaingia bonde, akaniambia niweke bunduki hapo.

Nilipiga moja. Bega langu likajua kazi imeanza. Akaniambia nitoe ganda, nisimame, ninywe maji, mtutu upoe. Nikapiga ya pili, nikasimama tena, nikanywa maji. Nikapiga ya tatu.

Alikwenda kwenye karatasi peke yake, akakaa huko. Niliona mgongo wake tu. Nilipomfikia alikuwa amegusa karatasi kwa vidole vitatu. Matundu yalikuwa chini ya doa, kushoto kidogo, yote matatu yamekaa pamoja. Nilitoa mfukoni kopo langu la mafuta ya kujipaka, nikaweka kifuniko juu ya matundu. Yakafunikwa yote.

"Nimekosa," nilisema. "Sijagusa doa."

"Nani kakwambia umekosa?" Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Bunduki haiulizwi imepiga wapi. Inaulizwa kama imerudia. Zikikaa pamoja hivi, hata kama zimekaa mbali na alama, yenyewe ni mkweli, imeelekezwa vibaya tu. Zikitawanyika ndo uanze kutafuta mwongo. Ni skrubu, ni risasi, ama ni wewe."

Akatazama tena karatasi. "Haijapanda," alisema. Halafu akaniambia nirudie zote tatu. Nikarudia, na kifuniko cha kopo kikafunika tena. Mwili ulinisisimka. Chuma kilichotukanwa miaka yote hiyo, kikafungiwa kabatini na kusemwa na watu wasiowahi kukipima, kilikuwa kinatuma risasi mahali palepale bila kinyongo na mtu.

Mzee alikaa chini. Mimi nikauliza swali ambalo sikujua uzito wake.

"Siku ile Kiriba, mtutu ulikuwa umeuegemeza kwenye nini?"

"Kwenye jiwe," alijibu, kama mtu aliyeulizwa anavuta pumzi ya nini.

Mtu asiyeujua mkoa wetu wa Mara huenda asielewe. Sisi tumelelewa na mawe. Mawe yetu ni makubwa kuliko nyumba, yamepandana mashambani na ufukweni mwa ziwa. Juu yake tunaanika mihogo, tunanoa visu, tunacheza utotoni, na ukitaka kumwambia mtu kitu hiki ni imara unamwambia ni jiwe. Mtu wa kwetu akitaka kuegemeza kitu kisitikisike, hatafuti kingine. Hata mimi ningelala juu ya jiwe.

"Chuoni tulipewaga mifuko ya mchanga," alisema mzee. "Nilidhani ni kwa sababu kule hawana mawe."

Tulitazamana. Siku nyingine ningecheka mpaka nikae chini. Nilichukua bunduki, nikautafuta mwamba mmoja pale kando, nikaulaza mtutu juu ya jiwe tupu, nikalenga doa lilelile kwa pumzi ileile. Tulikwenda pamoja kutazama. Tundu lilikuwa juu ya doa, kiganja kizima. Nikapiga nyingine kutoka kwenye jiwe, na hiyo ikaingia karibu kabisa na mwenzake, juu vilevile. Hata katika kosa, bunduki ilirudia.

Gunia linapokea mtikisiko. Jiwe halipokei kitu, linausukuma mtutu juu kabla risasi haijatoka. Ni jambo dogo hivyo tu. Na kiganja kimoja, kwenye kichwa chenye ubongo wa machungwa mawili, ni mauti ya mtu.

Mzee alivua kofia. "Nimeisingizia," alisema. Halafu akaongeza: "Miaka yote nilikuwaga nalala kwa sababu yake. Nasema si mimi, ni ile bunduki. Sasa nitalalaje?"

Nilikaa naye kwenye udongo ule wa mgodi, nikamshika mkono wenye grisi, na nikaona aibu kwa lile neno langu la siku ya kwanza.

Hata hivyo kazi ilikuwa haijaisha, naye aliimaliza. Alikitia tupa kidogo kile kijino cha mbele cha kulengea, halafu akakigonga kwa nyundo na kipande cha shaba, taratibu, kuelekea upande uleule risasi zilikokuwa zinakosea. Nilidhani anaharibu. Akabandika karatasi mpya, nikapiga mbili kutoka kwenye gunia, na zote mbili zikaingia kwenye mkaa. Nilitaka kushangilia, ila yeye alikuwa tayari anakunja karatasi zile za kalenda na kuzitia ndani ya shati.

Asubuhi ya Murangi alikuja na mimi, gunia begani. Ufukweni watu walikuwa wamejaa, na kila mmoja alinichagulia jiwe. "Lala hapa, mama, hapa ni pazuri kabisa." Nikalala hapo, juu ya jiwe lao, lakini mzee akatanguliza gunia chini ya mtutu, na watu wakacheka kidogo kuona askari anayetafuta mto wa kulalia.

Kiboko alikuwa karibu na matete. Aliinua masikio, macho na pua, ametugeuzia mgongo.

"Sasa?" alinong'ona mzee.

"Bado."

Kiboko akageuka, akatutazama usoni, akazama, akaibuka karibu zaidi. Jua lilikuwa nyuma yetu. Niliona maji yakimchuruzika kwenye sikio.

"Sasa?"

"Bado."

Kisha kiboko akageuza kichwa upande, polepole, kama mzee alivyokuwa akiligeuza lile fuvu juu ya gogo, na mimi nikaona, naapa, lile bonge la udongo ndani.

"Sasa," nilisema, na sikumbuki mlio.

Maji yalifunga. Hakukuwa na damu wala kishindo, mawimbi madogo tu. Kiboko akifia majini huzama kwanza, na mpaka aelee yapita saa nzima au zaidi. Na kiboko aliyejeruhiwa naye huzama vilevile. Kwa hiyo hakuna anayejua kitu mpaka saa ile ipite. Mzee alikaa akilipa ziwa mgongo, karatasi zake za kalenda mkononi, na midomo ikimcheza. Nadhani alikuwa anasali. Mimi nilitazama maji mpaka macho yakaniuma, nikifikiria ndoo za kesho asubuhi.

Ulianza kuonekana ubavu, wa kijivu, mdogo kama jiwe linalochungulia. Ukakua. Ukaendelea kukua, mpaka tukaona ukubwa wote wa kile tulichokuwa tunakiogopa, kimelala juu ya maji bila kutikisika. Vigelegele vilikuja baadaye. Kwanza kulikuwa na kimya, na mimi katika kimya kile nilivua kofia. Niliogopa, ingawa hatari ilikuwa imekwisha. Hofu ile ya mtu aliyeingia kanisani peke yake. Uhai mkubwa namna ile, na mlango wake mdogo namna ile.

Walipomvuta kwa kamba hadi ufukweni, tundu lilikuwa chini ya sikio, si zaidi ya upana wa kidole. Mzee aliligusa. Kisha akaweka kiganja chake juu ya tundu, akapima kwenda juu, na pale kiganja kilipoishia akauacha mkono wake kwa muda mrefu. Watu hawakuelewa. Mimi nilielewa, nikageuza uso.

"Tupitie Kiriba," alisema.

Mjane wa yule mvuvi tulimkuta mbele ya nyumba yake, anaanika udaga, ile mihogo yetu iliyovundikwa, juu ya jiwe kubwa linalotazama ziwa. Alimtambua mzee hata kabla hatujashuka garini. Hakumkaribisha wala hakumfukuza. Mzee aliamkia, akasimama mbele yake kama mtoto aliyeitwa na mwalimu, akasema yote bila kujipunguzia. Kwamba haikuwa bunduki. Kwamba ilikuwa yeye, na jiwe. Akamwonyesha matundu kwenye karatasi: haya ya gunia, haya ya jiwe.

Mama yule alizitazama sana. "Ulilala wapi?" aliuliza.

Mzee akanyoosha kidole. Lilikuwa ni jiwe lilelile.

Mama akaanza kusogeza udaga pembeni kwa mikono yake miwili, akatengeneza nafasi ya mtu. "Lala," alisema. "Nione."

Mzee alinitazama. Nilitoa bunduki garini, nikaifungua, nikamwonyesha mama kwamba chemba ni tupu, nikampa mzee. Aliipokea kwa mikono miwili. Akalala juu ya jiwe lenye unga mweupe wa mihogo, akaulaza mtutu kama alivyoulaza siku ile. Mama akapiga magoti nyuma ya bega lake, akashusha uso, akatazama kufuata mtutu hadi majini.

"Alikuwa pale kwenye matete?"

"Palepale, mama."

"Ulimlenga kichwa?"

"Kichwa. Hapa kwenye sikio."

Aliendelea kutazama. Halafu akavuta gunia moja tupu alilokuwa anakusanyia udaga, akalikunja mara mbili, akainua mtutu kwa mkono wake mwenyewe na kuliingiza chini yake.

"Gunia tu," alisema. Akaketi juu ya jiwe. "Ilikosekana gunia tu." Na hapo ndipo alipolia, na mzee akalia, kila mmoja kwa upande wake wa bunduki. Mimi nilisimama nikiwa nimeshika kofia, sina la kufanya kwa mikono yangu.

Alipotulia alijifuta kwa upindo wa kitenge. "Mimi nilikuwaga namlaumu marehemu," alisema. "Nilimwambia asiende siku ile, akaenda. Miaka yote namgombeza kaburini." Akamtazama mzee. "Ulivyolala hapo, ulikuwa umelenga vizuri. Nimeona kwa macho yangu. Nenda kalale."

Tulipokuwa tunaondoka alikuja dirishani kwangu, akanitupia lile gunia mapajani. "Na wewe, binti," alisema, "hilo usilisahau nyumbani."

Limo kabatini mpaka leo, limekunjwa chini ya ile bunduki nzito, na kabati zima linanuka udaga. Wenzangu hulalamika. Nawaambia waache kulalamika, waje wapime.